Mbuzi Tunayo

Kabla hujawasha jiko, rudi kwanza kwenye sarufi. Ukitaka kuila Idi kubwa hapa Mafia ukiwa na watoto wawili, mume mmoja, shilingi 50,000, na watu 17 waliokwisha kusema "tutapita", silaha yako ya mwanzo ni upatanisho wa ngeli, somo ambalo wengi wetu tulilipitia tukisinzia. Jirani atakuuliza juu ya ua: "Mwaka huu mna mbuzi?" Jibu huku unaingia ndani, kama mtu aliyeacha kitu motoni: "Mbuzi tunayo!"

Usiseme tunaye. Tunaye ni yule mwenye ndevu, anayefungwa kwenye mnazi akalia usiku kucha ili mtaa mzima ujue kwamba nyumba hii ina uwezo. Tunayo ni mbuzi ya kukunia nazi: kigoda cha kukunja, ulimi wa chuma wenye meno, ipo nyuma ya mlango tangu siku niliyoolewa. Hujasema uongo. Jirani asiposikiliza kiambishi, hilo ni baina yake na mwalimu wake wa Kiswahili. Jirani yangu alinijibu, "Na sie!" akaingia ndani naye, upesi kuliko mimi.

Mwongozo huu nauandikia familia changa, zile zenye sufuria mbili na mfuniko mmoja. Wenye friza na ng'ombe wanaweza kwenda kulala.

Cha kuelewa mapema ni kwamba ukata wa sikukuu Mafia una namna yake. Njaa hakuna. Muhogo upo, shelisheli ipo, mapapai yanaanguka yenyewe, nazi ndiyo usiseme. Lakini mpe mgeni muhogo wa nazi siku ya Idi: atakula, atasifu, ataramba vidole, na akivuka tu kufika Nyamisati atawaambia watu kwamba kwa fulani hali si nzuri. Vya bure viko chini ya miguu, sikukuu inataka vilivyovuka maji. Nazi zetu zinaanguliwa, zinafuliwa, zinapakiwa chomboni zinakwenda Dar es Salaam. Chombo hichohicho kinarudi na madumu ya mafuta ya kupikia. Nimeishi kisiwa hiki maisha yangu yote na sijampata wa kunieleza biashara hiyo nikaelewa. Nimeacha kuuliza. Nanunua mafuta kwa kipimo, kile kikombe kidogo cha dukani, na muuza duka anapokipindua nasubiri mpaka tone la mwisho likate.

Basi tazama mwezi, ila usiutazame kama wanavyoutazama wengine.

Idi ndogo inakuja mwezi unapoandama, na mwezi kuandama ni bamvua. Maji ya bamvua huku kwetu yanapwa mpaka unadhani bahari imehama, na yanafika chini kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Hebu fikiria mpango huo. Watu wametoka kuswali, kanzu zimepigwa pasi, wanapeana mikono, na kule nje miamba iko wazi, pweza wamekaa mashimoni mwao wanashangaa leo hakuna anayewachokoa. Mwenye kijiti na asiyeona haya anaweza kubadili nguo, akashuka pwani, na adhuhuri akawa na kitoweo. Idi ndogo imepangwa kwa huruma.

Idi kubwa haina habari hiyo. Yenyewe ni tarehe kumi ya Mfunguo Tatu, siku mbili tatu baada ya nusu mwezi, na hapo ni maji mafu: kujaa hayajai, kupwa hayapwi, mwamba haufunuki. Dagaa nao wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na usiku wa tarehe kumi mbalamwezi iko juu mpaka saa nane. Halafu, kwa kuwa sikukuu zetu zinarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, miaka hii Idi kubwa imetuangukia kwenye msimu wa kusi. Mwaka 2025 tuliisali Juni 7. Kwa hiyo pweza hakuna, dagaa hakuna, na mashua za uvuvi zimelala ufukweni zimeinama upande mmoja kama wanafunzi wanaosubiri adhabu. Siku hiyohiyo muuza nyama anajua kila kitu nilichokueleza hapa, na bei yake inajua pia.

Dawa yake ni kuianza sikukuu siku kumi kabla. Mwezi wa Mfunguo Tatu ukiandama tu, nenda pwani na maji ya bamvua ukanunue pweza. Uwahi, maana mawakala wanasubiri na mizani zao, na pweza wa mwambao huu ana safari zake: wengi wanaishia Ulaya, kwenye meza ambazo hakuna anayeona aibu kumpa mgeni pweza. Chukua watatu. Wapige kwenye jiwe mpaka mkono ukuume, wapasue, watundike juani kwenye kamba ya nguo, baina ya shuka na nguo za mtoto. Akikauka ndiye ng'onda, mgumu kama soli ya kandambili, na anakaa bila friza wala barafu. Mimi nilianika watatu, sikukuu waliiona wawili. Wa tatu aliondoka na paka ambaye jirani anasema si wake, ingawa paka huyo analala kwake, anakula kwake, na anaitwa kwa jina na watoto wake.

Kuna mtu atakunong'oneza habari za kasa, kwamba nyama yake nyingi na haina bei. Hapo sitanii. Kasa analindwa na sheria, na sumu inayoweza kuwa ndani ya nyama yake haitoki kwa kuchemsha. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kumla, na wanane kati yao walikuwa watoto. Kula muhogo, watu waseme.

Sasa wageni. Kisiwa chetu kina mfano mmoja uliofanikiwa mno katika kuwapunguza. Wazee wanasimulia kwamba watu wa Kisimani, ule mji wa upande wa magharibi ambao bahari imeutafuna, waliwaalika wenzao wa Kua, kule Juani, kwenye sherehe ya kushusha jahazi. Walipofika wakawakamata watoto wao, wakawalaza mchangani, wakaliburura jahazi juu yao mpaka majini. Kua hawakusema neno. Miaka ikapita, ikafika zamu yao: wakaalika Kisimani harusini, wakawaingiza kwenye chumba cha chini, vyakula na vinywaji, na wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja kwa udhuru huu na ule, mpaka akabaki mzee mmoja akiwapigisha wageni soga. Huku nje mlango unajengwa.

Nilipokuwa mdogo hadithi hiyo ilininyima usingizi. Nilipoolewa ndipo nilipoielewa. Kila Idi, ikifika saa sita mchana, wenyeji nyumbani kwangu huanza kutoka mmoja mmoja. Shemeji anakwenda kununua vocha. Baba watoto anakwenda kuangalia kama chumvi ipo dukani. Ninabaki mimi, yule mzee wa Kua, napiga soga.

Baba watoto hasa ana elimu ya potwe. Papa potwe, kwa asiyemjua, ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na anaonekana mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi. Watu wanapanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kumuona akila uduvi. Nitue hapo kidogo: samaki mkubwa kuliko wote duniani anajilisha kwa uduvi, na hajawahi kukopa bucha. Zamani tulidhani msimu ukiisha anasafiri. Watafiti wakawafunga vifaa vya kupashia habari, wakasubiri, wakakuta potwe wengi hawajaenda popote. Wapo hapahapa mwaka mzima, wamekwenda upande wa maji marefu kidogo, wametulia, hawaonekani. Baba watoto kuanzia saa sita mpaka saa nane siku ya Idi yuko hivyohivyo. Hajasafiri. Vifaa vingesoma kwamba yuko nyuma ya nyumba ya mjomba wake, chini ya mwembe.

Njia nyingine ya kupunguza wageni ni kuiachia bahari. Ndugu wa Dar wasiopanda ndege hawana budi kushuka mpaka Nyamisati na kuvuka kwa boti, na njia hiyo wakati wa kusi haina mzaha. Wakipiga simu kuuliza waje lini, usiwaambie wasije, utaitwa mchoyo mpaka kwa wajukuu. Sema, "Njooni kabisa, nyumba yenu. Ila kusi ya mwaka huu..." Kisha nyamaza. Ukimya unasafiri vizuri kwenye simu. Kwa wifi yangu, hata hivyo, ukimya haufui dafu. Alitapika kutoka Nyamisati mpaka gatini Kilindoni, akashuka anajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akaniambia, "Wifi, njaa hiyo! Pilau ishaiva?" Ilikuwa saa mbili asubuhi, na sikukuu ilikuwa kesho yake.

Ipo pia njia ya Idi mbili. Wapo wanaosubiri tangazo la BAKWATA, na wapo wanaofuata siku ya Makka, na mara nyingi siku hizo zinapishana. Mimi si mwanachuoni, siwezi kukuambia nani kapatia. Naweza kukuambia tu kwamba familia changa yenye ndugu pande zote mbili inaweza kula siku ya kwanza kwa watu, ikapikia watu siku ya pili, na ikawa imeokoa chakula cha usiku.

Tuingie jikoni, na jikoni kwenyewe tunaanza na upepo. Kusi inavuma kutoka kusini, kwa hiyo sogeza jiko upande wa kusini wa ua, upepo uibebe harufu upite nayo nyumba nzima na nyumba tatu zinazofuata. Hili ni la msingi kuliko mchele. Harufu ya pilau haitoki kwenye nyama. Nyama ni mgeni mwalikwa tu. Harufu ni bizari nzima na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikakaribia kuungua, na vyote hivyo vinauzwa kwa vifungo vidogo. Saa moja na nusu asubuhi, kabla hata sala haijasaliwa, nilitia kijiko kimoja cha bizari kwenye kikaangio kikavu nikaiacha iseme. Dakika mbili baadaye nikasikia mtu nje akisema, "Kwa fulani washaanza." Walikuwa hawajaanza. Kulikuwa na bizari kijiko kimoja na mwanamke mmoja anapepea.

Mafuta yaliyovuka bahari yabanie. Chukua nazi nne, kuna zote, kamua tui zito bila kuongeza maji mengi, litenge. Tui la pili na la tatu ni la kupikia wali. Lile zito libandike peke yake kwenye moto wa wastani, ulikoroge. Siku zote tunafundishwa tusiache tui likatike. Leo tunataka likatike. Litachemka, litaganda, litaanza kutoa mafuta, na chini yatabaki machicha ya rangi ya kahawia ambayo watoto watayamaliza kabla hujageuka. Mafuta hayo ndiyo ya kukaangia vitunguu. Chicha lililobaki kwenye chujio wape kuku. Vifuu vitie jikoni, vinawaka kwa hasira. Makumbi yafuate, yenyewe yanafukuta taratibu na ndiyo ya kupalia juu ya mfuniko wali ukishakauka maji. Maji ya nazi mpe mtoto mdogo, atulie. Mbuzi wa tunaye angekupa nini zaidi ya hapo? Ngozi.

Ng'onda wako awe amelala majini usiku kucha. Asubuhi mchemshe na vipande vya papai bichi mpaka kisu kiingie bila ugomvi. Kisha kaa chini, mahali pasipo na watu, na fanya kazi hii kwa utulivu: zile duara za mikononi mwake, zile anazonyonyea mwamba, zikwangue zote. Zote. Moja tu ikibaki itakuumbua mbele za watu. Mkate vipande vya mraba kama nyama ya pilau, mkaange pamoja na vitunguu, thomu, tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, mpaka naye awe kahawia. Ukimtazama kwa mbali, kwenye mwanga wa uani, huyo ni ng'ombe kabisa. Tia viazi, kila kimoja umekipasua mara mbili, wingi nao ni heshima. Tia tui, likichemka tia mchele kilo nne, chumvi, funika, palia makumbi, ondoka. Usifunue kila saa. Wali wa masikini ukifunuliwafunuliwa unakuwa bokoboko.

Kachumbari ifanye nyingi, na uitie pilipili mbuzi bila woga. Hapo tayari una mbuzi wa aina mbili. Pilipili inamfanya mgeni anywe maji, na maji yanajaza.

Nyama nunua. Nasema hivyo nisije nikaeleweka vibaya. Ila nunua moja, pande moja, fupa la paja lililozungukwa na mnofu wa kutosha kuonekana kutoka mlangoni. Mimi la kwangu nililichukua kwa mkopo, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya baba watoto kuwa chini ya mwembe. Lichemshe na viungo, likaange liwe na rangi. Hili si la kuliwa. Hili ni cheti.

Kazi yake utaiona kwenye sinia. Sisi tunakula pamoja, na kwenye sinia kila mtu anakula mbele yake. Mkono unaovuka kwenda upande wa mwenzio au katikati ni mkono uliokosa malezi. Pakua wali, changanya ng'onda ndani, halafu lile fupa liweke juu, katikati kabisa. Wanaume wataliona, watajua nyumba hii imenunua nyama, na chochote cha kahawia watakachokitafuna chini yake watakihesabu kuwa ni ndugu wa lile fupa. Hakuna atakayeligusa. Mmoja atalisogeza kwa mwenzake, "Bwana, kula nyama hiyo." Mwenzake atalirudisha, "Aa, mzee, anza wewe." Litazunguka sinia kwa adabu kama mkeka wa msikitini, na wakinawa mikono litakuwa palepale. Sinia likirudi jikoni, litoe, lipanguse, lirudishe kwenye mchuzi lipate joto, lipandishe sinia la pili.

Sinia la kwanza, wanaume watu wazima: lilirudi salama. Sinia la pili, vijana: lilirudi na alama moja ya jino, kijana sitamtaja. La tatu lilikuwa la wanawake, na hapo ndipo wifi alipokaa.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia kwa shida moja tu: meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, na walitaka mahali pa kurushia ndege za kuitafuta juu ya mikoko. Mpaka wameimaliza ilikuwa Julai 11. Wifi yangu hahitaji ndege wala miezi sita. Alikitoa kipande kimoja chini ya wali, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza.

"Wifi, nyama ya wapi hii?"

"Ya Jibondo."

"Jibondo?" Akatafuna. Jibondo ni mwamba, hata muhogo unaona taabu kuota. Mwenye ng'ombe Jibondo simjui mpaka leo. "Ina mvuto," akasema.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nitaje aina fulani ya ng'ombe anayekula majani ya pwani. Sikuwahi kuitaja, kwa sababu mwanawe wa miaka minne, mzaliwa wa Dar, mtoto ambaye nyumbani kwao kila mtu ana sahani yake, aliinuka, akapitisha mkono juu ya wali wa shangazi wawili na bibi yake, akalichukua lile fupa kwa mikono miwili, akakaa nalo chini. Pakawa kimya. Akang'ata. Wanawake saba walimtazama mtoto akila cheti changu, na kwenye kimya kile nilisikia makumbi yakifukuta jikoni na sinia la nne likinisubiri.

"Mwache ale," akasema mamkwe. "Sikukuu ya watoto."

Na kwa upande wa watoto nina ushauri mmoja mfupi. Wavishe mapema, wafundishe kusema "shikamoo" kwa sauti ya kusikika, watume nje kabla wa wenzio hawajaja kwako. Watoto huku wanazunguka nyumba kwa nyumba kudai sikukuu yao, na kila nyumba inatoa chochote. Mkubwa wangu ana miaka mitano. Alitoka saa tatu, akarudi saa saba akiwa na shilingi 2,300, pipi nne, na taarifa kamili za nani kapika nini. Shilingi 2,000 nilimkopa. Anakumbuka.

Sinia la nne lilikuwa letu wenyewe, fupa halikuhitajika. Nilikuwa nimeinamia sufuria nakwangua ukoko, mamkwe akaja akasimama nyuma yangu. Nikasema moyoni, leo. Akanyoosha mkono, akachukua kipande cha ukoko chenye ng'onda aliyenata juu yake, akala polepole, akiangalia uani.

"Ulimwanika siku ngapi?"

"Nne, mama."

"Sita ndiyo vizuri. Na zile duara unazikwangua kabla hujamchemsha, zinatoka zote. Hapa pana moja." Akaitoa mdomoni, akanionyesha kwenye ncha ya kidole, nyeupe, ndogo kuliko kifungo cha shati. Akaitupia kuku. "Marehemu baba mkwe wako aliila hii miaka kumi na mbili. Akiisifu kwa watu. Alidhani bucha ananipa steki kwa sababu ya undugu." Akachukua kipande kingine cha ukoko, akaondoka nacho akikificha kwenye kanga.

Magharibi wageni walikwishatawanyika, baba watoto alikwishaonekana, naye wifi amelala kwenye jamvi na kusema hakika boti ya kesho haina maana, ataondoka wiki ijayo bahari ikitulia. Mtu akabisha hodi. Alikuwa mtoto wa jirani, kanzu yake mpya ina doa la soda kifuani.

"Shikamoo. Mama anasema anaomba mbuzi."

"Marahaba. Mbuzi? Si mnayo yenu?"

"Yetu imevunjika ulimi tangu Mfunguo Mosi." Akajipangusa pua kwa mkono wa kanzu. "Kasema kama mmeshamaliza naye." Akafikiri. "Nayo."

Nikaichukua nyuma ya mlango, nikaikung'uta chicha, nikampa.